Kusimama Mara Nne

Jumatatu, 3 Machi
Nimejiunga na mazoezi ya wazee, ukumbi wa mtaa. Binti yangu kaniandikisha. Anasema tangu nistaafu posta nimeota mizizi kwenye kochi. Mwalimu wa mazoezi, msichana mwenye filimbi shingoni, katupima: unakaa na kusimama mara ngapi kwa nusu dakika? Baada ya wiki mbili tunapimwa tena. Atakayepiga hatua kubwa kuliko wote, zawadi ya raba mpya!

Fundi cherehani, jirani yangu, kasimama mara kumi na mbili kana kwamba kiti kina moto. Akanitazama kwa dharau. Sawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nikasimama mara nne tu. Nikaongeza na kikohozi. Akili ni mali!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Nimepelekwa kundi la viti, la wasiojiweza. Mimi! Anayekaa kando yangu ni bibi wa miaka tisini na moja, kila mara ananiuliza kama nimekula. Mwalimu kanipa na mkongojo. Kuukataa ni kujiumbua. Nilipopita kona nikautia begani, nikatembea zangu. Kumbe fundi yuko nyuma. Akauliza kama mkongojo nao umechoka.

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu kampigia simu binti yangu. Binti kaja na maboksi, macho mekundu. Hakujua nimedhoofika hivi. Nihamie kwake, nyumba hii ipangishwe. Nyumba niliyoishi na mama yake miaka thelathini na tisa! Nikaruka juu ili aone nilivyo mzima. Akazidi kulia: "Baba, usijilazimishe."

Nimeomba tusubiri kipimo cha pili. Nisipofikisha kumi, nafungasha. Kumweleza ukweli? Aibu hiyo nitaiweka wapi?

Alhamisi, 13 Machi
Najifua. Kukaa, kusimama, mara mia kila asubuhi. Kiti cha jikoni kimevunjika mguu. Nimehamia kwenye ndoo. Magoti yanalia kuliko mlango wa stoo.

Jumatatu, 17 Machi
Kipimo. Binti mstari wa mbele. Filimbi! Moja, mbili, tatu, nne... kiuno kikasema kah! Nikabaki nimejipinda kama ndoano. Nne. Safari hii za kweli.

Fundi ndiye aliyenikalisha. Akaninong'oneza, akiuliza nimefanya nini. Nikamwambia yote, sijui kwa nini. Hakucheka. Akamwita binti, akamweleza kwamba huyu baba yake ana ujanja tu, hana ugonjwa. Wiki jana alikuwa juu ya bati anaziba matundu. Binti akanikazia macho. Akacheka, akalia, akaniita mtoto. Akasema maboksi atarudi nayo, mradi fundi apite kuniona kila asubuhi.

Raba kazitwaa bibi wa miaka tisini na moja. Kutoka mara moja hadi sita!

Jumatano, 19 Machi
Fundi kaja. Kanifungia kamba za viatu, tukatembea taratibu hadi mwisho wa barabara. Mtu mwema kumbe. Miaka yote nilimdhania vibaya. Kaniambia mwezi ujao tutapimwa kusimama kwa mguu mmoja. Atakayepiga hatua kubwa anapata saa ya ukutani.

Nikamshukuru kwa habari. Tulipofika langoni kwake nikayumba kidogo, nikamshika bega. Siumwi. Nataka tu watu waanze kuzoea.