Damu ya Kuazima

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tano

Docteur Noëlla amenichanganya kichwa. Kumbe insulini yangu iko! Iko hata nyingi! Inabisha hodi, lakini mwili haufungue mulango. Basi chembe za beta, ndani ya kongosho, zinafanya kazi mara mbili, na siku moja zitachoka. Nimeuliza: niko mugonjwa wa sukari ao siko? Anasema bado, ila niko njiani. Njia gani? Mi nilikuwa nimekaa kwenye kiti! Alhamisi nirudi kutoa damu bila kula. Labo inatuma majibu kwa chef wa kazi: sukari ikipanda, ataniondoa kwenye camion, lori yangu. Mi, dereva wa mgodi, niende kuuza makala ya kupikia? Aka!

Jumanne, tarehe 5

Honorine, bibi yangu wa ndoa, amepunguza bukari, ugali yangu. Bonge moja tu, sawa ya mutoto! Na Séraphin, jirani, anazunguka mtaa wetu wa Musonoi wote akicheka tumbo yangu. Yeye mwembamba sawa fimbo, na chai yake ni sukari tupu. Hapo nikapata akili: mutu mwembamba, damu safi! Aende kwa jina langu, labo hawanijue. Amekubali, nikimupa veste yangu, koti ya kwaya. Roho inauma, lakini camion ni camion.

Alhamisi, tarehe 7

Mama yangu! Séraphin amerudi kutoka labo. Sukari yake imepita yangu mbali! Wamemuambia chembe zake za beta zimekwisha kuchoka, insulini ni kidogo sana. Sasa wa kwangu wanabisha bure, na kwake hakuna wa kubisha? Sielewi kitu. Na karatasi ya labo, yenye jina langu, imefika kwa chef: tata Barnabé, ndiye mi, ashuke camion. Séraphin analia, anauliza kama atakufa. Na mi nimelia. Kwa ajili yake pia.

Ijumaa, tarehe 8

Asubuhi, njaa tumboni, Honorine ametukokota wote wawili kwa docteur, akasema yote. Docteur amefoka! Halafu akamuambia Séraphin ni bahati ugonjwa umeonekana, dawa iko. Akanipima mi mwenyewe: bado niko njiani. Chef amenirudishia camion, ila nitembee kila siku, simu ihesabu hatua, docteur aone. Nimeapa mbele ya Mungu.

Jumapili, tarehe 10

Séraphin pia ameagizwa kutembea. Basi kwa nini tuchoshe batu wawili? Nimefunga simu yangu kwenye mukaba wa suruali yake. Tangu misa anazunguka Musonoi, ndani ya veste yangu. Mi niko kivulini na bitumbua, namuangalia. Docteur atafurahi: leo nimetembea mpaka nimechoka.