Damu Yangu Imenisengenya

Kwa Mkuu wa Maabara ya Damu,

Mheshimiwa, pokea salamu zangu. Mimi ndiye seremala niliyetengeneza benchi wanalokalia wagonjwa wako. Kama halijalegea mpaka leo, jua unaandikiwa na mtu makini. Nakuandikia kwa uchungu, kwa sababu damu yangu imenisengenya kwa mke wangu, na karakana yangu imepigwa kufuli.

Chanzo ni hiki. Daktari alisema mapafu yangu yana ugonjwa sugu unaobana njia za hewa, kwa vumbi la mbao na sigara za miaka thelathini. Akaagiza damu ipimwe alama za uvimbe, aone kama mapafu yanawaka moto kwa ndani. Mkaniandikia kiwango cha tisa, kimepanda kidogo tu. Mke wangu akaapa: ikipanda tu, niiage randa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kinachouma ni kifua, nyinyi mkatoboa mkono. Kwetu karakana, mlango ukigoma kufungika hatulihoji kabati.

2. Mpimaji wenu mwenyewe alinieleza kuwa alama hiyo hupanda hata kwa mafua, hata kwa kidonda. Shahidi anayemtaja kila mtu anaaminikaje? Tena kikohozi changu ni cha heshima: cha asubuhi tu, na mchana kidogo, na nikicheka.

3. Hili ndilo zito. Kwa kuwa sikuwaamini, nilimtuma shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akatoe damu kwa jina langu. Yeye hajawahi kushika sigara, na mbao huziona zikishakuwa kitanda. Nilitegemea mbili, tatu zikizidi. Mkaandika sitini na nne! Baadaye ndipo akakiri ana jino lililooza hadi shavu limevimba. Alinyamaza kwa kuwa nilimwonya asifungue mdomo hapo kwenu. Nauliza: mnapimaje damu ya mtu bila kumtazama shavu?

4. Mke wangu aliisoma hiyo sitini na nne, akalia, akachukua ufunguo. Siwezi kumwambia ni ya kaka yake, maana ataniuliza alifuata nini huko. Na kuna bibi harusi ambaye kitanda chake mpaka sasa kina miguu mitatu.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe tisa yangu, shemeji akabidhiwe sitini na nne yake, na kuanzia sasa damu iapishwe kabla ya kupimwa. Ikishindikana, mpimeni mke wangu, kwani anayewaka moto kwa ndani nyumbani kwetu ni yeye.

Wasalimie wapimaji wote, hasa yule mwenye mkono mwepesi wa sindano.

Wako, niliyeponzwa na tone moja,
Fundi wa Benchi Lenu

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu ameisoma barua yote. Hakugomba. Amenipa ufunguo, akasema nikifika karakana bila kupumzika njiani, nifungue nifanye kazi. Ni nyumba sita tu. Nimeishia ya nne. Naandika haya nimeketi kwenye ngazi za fundi viatu, ananipepea kwa soli, na mke wangu amenishika mgongo. Naogopa, Mheshimiwa. Ufunguo nimemrudishia. Naomba nafasi ya kesho asubuhi. Nitakuja na mkono wangu mwenyewe.