Kabati Lililoandikwa ARDHI

Jumatatu, 4 Machi 1974
Mkuu wetu wa masijala, Ndugu Didas, ametuagiza mimi na Genoveva tuorodheshe mafaili yote, kabati kwa kabati. Kila mtu na orodha yake, mwisho Alhamisi. Atakayeshinda atabaki Dar. Atakayeshindwa, Songea! Mie sitoki Temeke. Mlangilangi aliopanda marehemu mke wangu, Rosalia, ndiyo kwanza unatoa maua. Genoveva amefungua kabati la kwanza, anapiga chafya. Maskini! Orodha za mafaili zimebandikwa milangoni, kwa nje!

Jumanne
Nimenakili zote kabla ya chai. Sikufungua hata kabati moja. Genoveva, vumbi hadi kwenye nyusi, kaniuliza kama nimechungulia ndani. Nikamjibu aliyebandika alikwisha nichungulilia. Akasema haya, kaka Kasimiri, Alhamisi si mbali. Wivu!

Rosalia naye aliandika kila kitu. Makopo mawili jikoni: SUKARI, CHUMVI. Jirani yetu Zuena akija kuomba sukari, Rosalia alimpa kopo la SUKARI ajichotee. Zuena huonja, hukunja uso, huondoka. Sikuelewa kwa nini. Tangu msiba sijayagusa.

Alhamisi
Aibu! Ndugu Didas kasifu mwandiko wangu, kisha kataka faili la mashamba ya Kawe. Nikafungua kabati la ARDHI kwa mbwembwe. Sukari! Vikombe! Bakari, mpika chai wetu, akaja mbio, akalalamika kwamba sukari imeadimika, akiiweka kabati la CHAI watu wanaimaliza. Nani ataibia ARDHI? Mafaili ndiyo kayahamishia CHAI. Genoveva alikwisha yaandika yote hayo. Ndugu Didas akaniuliza, mbele ya watu, sukari hiyo ni kiwanja namba ngapi.

Jumamosi, 9 Machi
Songea, basi. Si kushindwa. Mtu makini hupelekwa penye shida.

Nimemkabidhi Zuena mlangilangi aumwagilie, na kopo la CHUMVI kama asante. Kaonja. Akashika kiuno, akacheka, kisha akalia, akisema Rosalia mjanja wewe, kumbe ilikuwa humu siku zote! Mtu kulilia chumvi! Majonzi yana mambo.

La SUKARI nimelifunga katikati ya mashati. Sikulifungua. Ya nini? Mwandiko ni wa Rosalia mwenyewe. Siku ya kwanza Songea nitawapikia chai wenzangu wapya wote, na mkuu wao nitamkolezea hasa.