Bwawa Linaloitikia Hodi

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanza rasmi uvuvi wa nzi. Si nzi wa jalalani! Nimeshamweleza mke wangu mara nne: ni ndoana iliyovishwa manyoya ili samaki adanganyike. Kaguna. Kasema hata ule ufugaji wa nyuki niliuanza kwa maelezo mazuri. Shida ni shemeji, kaka yake. Mwaka jana kavua samaki mmoja, na mpaka leo hatupumui. Jumapili anakuja kula. Lazima mezani pawe na samaki mkubwa kuliko maneno yake.

Muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili ana bwawa nyuma ya nyumba. Kaniruhusu kuvua wiki nzima, kwa sharti moja: nikifika pale nisibishe hodi. Nimecheka njia nzima. Nani anabishia maji hodi?

Jumanne, 4 Juni
Mimi! Mama alinilea vizuri mno. Bwawa lina kigeti cha mbao. Mkono ukagonga wenyewe, mdomo ukasema hodi. Sauti ya mwanaume, ya upole kabisa, ikajibu karibu. Kutoka majini. Nikatazama huku na huku. Hakuna mtu, hakuna hata ndege. Nikasema asante. Ningefanyaje?

Nimerusha mshipi mara ishirini. Nimenasa sikio langu, kofia yangu na kigeti. Nzi nimewafunga mwenyewe kwa nywele za wateja. Mimi ni kinyozi, nywele hazinipungukii. Mmoja kakatika na kuzama. Samaki, hola.

Jumatano, 5 Juni
Yule nzi aliyezama nimemkuta juu ya jiwe, mkavu. Kafungwa upya, vizuri kuliko nilivyomfunga mimi! Hata nywele zimechanwa. Mwili ulinisisimka. Halafu nikakasirika. Yaani bwawa linanifundisha kazi?

Sauti ikaniuliza habari za nyumbani. Nikajibu nzuri. Ikanishauri nisogee kidogo, samaki wakubwa wako mbele. Nikasogea mpaka magotini. Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Mchana, kazini, mteja kaniuliza mbona vidole vyangu vimekunjamana. Nilikuwa sijagusa maji tangu asubuhi.

Ijumaa, 7 Juni
Muuguzi kaniona nimelowa mpaka kiunoni. Hakufoka. Alikaa kwenye ngazi akaniambia ile sauti ni ya mumewe. Miaka kumi na moja iliyopita aliingia kumfuata samaki, hakutoka, wala mwili haukuonekana. Muuguzi alimwita pale getini kutwa nzima. Kasema aliyeitwa na mtu wake akiitika, hata kwa naam tu, maji humwachia. Mumewe hakuitika. Mpaka leo muuguzi hajui alimkosea nini. Jamani, nilimhurumia! Nikamwahidi sirudi tena.

Nyumbani mke wangu kanishika mkono. Hataki samaki, kasema, anataka mume, na anaogopa. Nikamwahidi na yeye. Ahadi mbili kwa siku moja, si haba.

Kisha shemeji kaleta ujumbe: Jumapili atakuja na samaki wake mwenyewe, kwa usalama, nisije nikakosa. Kwa usalama!

Jumapili, 9 Juni
Nimeingia tangu alfajiri. Niko chini kabisa. Ajabu, daftari halilowi. Mwanga ni wa kijani, na mume wa muuguzi kanisogezea kiti. Mtu mpole sana. Ila hapepesi macho, na ananijibu kabla sijauliza. Anajua kufunga nzi, kutega hajui. Nimeanza kumwelekeza.

Na samaki wapo! Wakubwa kama milango.

Mke wangu amesimama getini, ananiita. Ananiita tangu saa tatu, sauti imemkauka. Shemeji yuko pembeni yake analia waziwazi, kumbe ana roho. Nasikia kila neno, na naumia, sitasema uongo. Naam moja tu, niko nyumbani.

Lakini nitoke mikono mitupu, mbele ya shemeji? Na yule mkubwa kuliko wote ndiyo kwanza anageuka kuja upande wangu. Nikifungua mdomo tu, atakimbia.