Bunduki Kwenye Nepia

Jumapili, 8 Juni

Tumerudi Kitale kutoka Chwele. Nimerithi bunduki.

Naandika sentensi hiyo kwa utulivu ambao mchana sikuwa nao. Baba Mkubwa Mukhisa tulimzika wiki hii, na leo ukoo ulikaa kugawa vitu vyake, kama ilivyo desturi. Koti likaenda kwa mpwa. Kigoda kwa mjukuu anayebeba jina lake. Mrija wa kunywea pombe ya busaa uligombewa kidogo, kisha ukapata mwenyewe. Ikabaki bunduki ya marisau aliyokuwa akiwafukuzia nyani kwenye mahindi. Marehemu alikuwa na cheti chake. Cheti, hata hivyo, hakirithiwi. Hilo nililijua. Ninafundisha maadili na uraia chuoni, ningewezaje kutolijua?

Wanaume watatu waliitaka, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri za kutowaamini wenzake wawili. Mwishowe binamu yangu Mukhwana, mwana wa marehemu, akaifungua mbele ya wote kuonyesha kwamba haina kitu, akaniwekea magotini. Ati mimi nimesoma. Ati hiyo mambo ya karatasi nitamalizana nayo. Palikuwa na nafasi, fupi lakini ya kutosha, ya kusema kwamba silaha ya marehemu hupelekwa kituo cha polisi. Nafasi hiyo niliitumia kutoa hotuba ya shukrani.

Mukhwana akaizungushia miwa, akaifunga kama mzigo mmoja, akaiingiza garini mwetu. Kwenye kizuizi karibu na Kimilili, afisa alitupa pole ya msiba, akautazama mzigo, akasema miwa ya Chwele ni mitamu. Mume wangu Wabwile akachomoa mmoja, akampa. Afisa wa pili akasogea. Wabwile akachomoa mwingine. Kisha akaja wa tatu, aliyekuwa ng'ambo ya barabara bila sababu yoyote ya kuvuka. Tuliporuhusiwa kuondoka, mzigo ulikuwa umekonda kiasi cha kutisha. Wabwile aliendesha kwa mikono miwili hadi Kiminini. Hapo Kiminini alisema, "Mwalimu, wewe utanifungisha."

Vituo vya polisi tulivipita. Ilikuwa Jumapili. Sikutaka kuwasumbua.

Jumatatu, 9 Juni

Nimesoma sheria ya silaha yote, vifungu vya adhabu mara mbili. Walioitunga hawakuacha mwanya hata mmoja kwa watu wenye nia njema. Hitimisho: niipeleke kesho.

Upande wa pili wa hoja. Jumamosi mtaa wetu unachagua mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kamati ya majirani ya usalama. Wagombea ni wawili: mimi, na jirani yangu Cherop, ambaye sera yake yote ni filimbi. Kila nyumba iwe na filimbi; ukivamiwa, unapuliza; majirani wanatoka. Basi. Mimi nina mpango wa dharura wa kurasa tisa, wenye utangulizi. Sasa mwenye kurasa tisa kuhusu usalama wa nyumbani atasimamaje mbele ya watu na kueleza kwamba amesafirisha silaha ndani ya miwa?

Isitoshe, na hili naliandika kwa tahadhari, nyumba yenye bunduki ina utulivu fulani. Leo mbwa wa jirani walibweka na sikushtuka. Huenda ni bunduki. Huenda pia ni kwamba nilikuwa nimekwisha kushtuka tangu jana.

Nimeificha kabatini, nyuma ya joho langu la mahafali. Wabwile amehamia chumba cha wageni. Anasema polisi wakija yeye atakuwa shahidi wa serikali, na suti yake tayari ameipiga pasi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kituoni. Bila bunduki, hii ilikuwa safari ya utafiti.

Nilipokewa na Inspekta Kagwe, mtu mpole mwenye tabia ya kungoja umalize sentensi, kisha aendelee kungoja. Nilimuuliza, kinadharia, kuhusu rafiki yangu aliyeachiwa silaha na marehemu. Alisema rafiki asiibebe popote. Apige simu tu, wao watakuja kuichukua, ataandika maelezo, atarudi kwa shughuli zake. Nikasema rafiki ni mtu wa haya. Akasema kule ndani wamejaa watu wa haya, na huzoea. Akanisindikiza hadi mlangoni na kuniomba nimsalimie rafiki.

Ulikuwa ushauri ulio wazi, wa busara na unaotekelezeka. Ndiyo maana nina mashaka nao. Gari la polisi mlangoni pangu wiki ya uchaguzi? Cherop angelitambua kabla halijazima injini.

Hata hivyo, kuna uwezekano kwamba Kagwe yuko sahihi na mimi ninaogopa tu. Nimeupa uwezekano huo nafasi yake. Nitaurudia.

Jumatano, 11 Juni

Baraza la chifu. Ametangaza kwamba mwenye silaha isiyo halali aisalimishe kabla ya Ijumaa jioni, naye hatashtakiwa. Kisha Cherop akasimama na kupendekeza kwamba kesho jioni wakazi tuzunguke mtaa pamoja, tukague vichaka na taa zilizokufa. Nikamuunga mkono kwa sauti iliyowageuza watu shingo. Tulipokuwa tukitoka alinikazia macho. "Mama Emmy, leo umekunywa chai gani?"

Wazo lilikuwa limenijia pale pale kwenye kiti cha plastiki. Anayeokota si anayemiliki. Kesho nitaiweka mahali. Msafara utapita. Nitaiona mimi, wa kwanza, mbele ya wapiga kura, na itafika kituoni ndani ya muda wa chifu. Sheria itakuwa imetimizwa, na mtaa utakuwa na mgombea ambaye macho yake yameondoa silaha njiani.

Nimetafuta kasoro katika hoja hii jioni yote. Nimepata moja, kwamba mwekaji ni mimi mwenyewe. Lakini hiyo ni kasoro ya kihistoria, si ya kimantiki.

Wabwile nimemweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba chumvi.

Mahali nimekwisha kupapata: nyuma ya ua wa kanisa, penye nyasi ndefu ya nepia inayonipita kimo. Haina mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi niliilaza ndani ya nepia, kwenye gunia la chakula cha kuku. Nikaenda chuoni. Mada ya leo ilikuwa dhamiri. Nilifundisha vizuri.

Jioni msafara ulijaa kuliko nilivyotarajia. Cherop tu ndiye asiyekuwepo. Nikaliona hilo kama zawadi. Nikashika uongozi. Nikawaelekeza kwenye ua wa kanisa, huku uso wangu wa mshangao, niliouzoezea kiooni, ukiwa tayari. Tukapinda.

Hapakuwa na nepia. Palikuwa na visiki vya nepia, vifupi, vibichi, vimekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi wa bweni. Gunia halikuwepo.

Uso wa mshangao ulikuja wenyewe.

Niliuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, nyasi hii ni ya nani. Mzee mmoja wa kanisa akacheka. "Si ni ya ng'ombe ya Cherop, bana. Amelima hapo miaka yote. Wewe hupitangi hapa?" Ninapita hapo kila siku. Tena ninajua, kama kila mtu ajuavyo, kwamba Kitale nzima hakuna shina la nepia lisilo na mwenyewe. Jana sikulijua kwa sababu halikunifaa.

Basi kuna mtu mwenye bunduki mtaani, na niliyempa ni mimi. Njia ile watoto huipita wakitoka shule. Haina risasi, nilijiambia. Lakini atakayeelekezewa hajui hilo. Naye atakayemwona mtoto ameishika hatangoja kuuliza. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili uchaguzi ulinitoka kichwani wote. Nilikuwa nikiwaza vidole vidogo vikifungua mdomo wa gunia.

Nikaacha msafara ukikagua taa. Nikachukua bodaboda hadi kituoni. Njiani nilitayarisha maelezo kamili, yenye utangulizi. Mlangoni utangulizi ukaniponyoka. Nikamwambia Kagwe kwamba nimepoteza bunduki, kwamba ni yangu, kwamba si yangu, kwamba niliificha kwenye nyasi, kwamba watoto hupita pale, na kwamba asimame basi tuitafute.

Kagwe akangoja nimalize. Akaendelea kungoja. Kisha akanionyesha meza. Gunia la chakula cha kuku. Na upande wa pili, na kikombe cha chai mkononi, Cherop.

"Huyu ndiye rafiki?" Kagwe aliuliza.

Ikawa namba ya bunduki ilikwisha kuwapeleka kwa jina la marehemu, na jina la marehemu kwa simu ya Mukhwana. Mukhwana hakuficha chochote. Alisema kwa fahari kwamba hiyo chombo iko na dada yetu, ule wa chuo, na akauliza kama wameshampatia cheti.

Cherop hakunicheka. Ningependelea anicheke. Alisema panga liligonga chuma akadhani ni bomba la maji. Chepngeno, binti yake wa mwisho, alikuwa nyuma yake akikusanya nyasi, naye ndiye aliyefungua gunia. Alisema alipogeuka, mtoto alikuwa amemwelekezea mtutu, akicheka. "Ati mama, mikono juu." Akaweka kikombe chini. "Nilisimama tu, Mama Emmy. Sikujua kama iko na kitu ndani."

 

Ijumaa, 13 Juni

Maelezo nimeyaandika. Kagwe aliniomba nifute utangulizi. Kwa kuwa muda wa chifu haujaisha, na kwa kuwa nilikuja kwa miguu yangu, jambo linakomea kwenye onyo. Ikitokea tena, alisema, ni kortini moja kwa moja, na huko hakuna atakayeuliza nimesomea wapi. Alisema pia kwamba kama ningepiga simu Jumanne, ningekuwa nimemaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilimwambia nimeelewa. Nadhani nilielewa.

Nilikwenda kwa Cherop kuomba msamaha. Alinisikiliza akikamua ng'ombe, bila kugeuka. Niliposema neno "muktadha" aliniambia nishike ndoo. Nilishika ndoo. Mwishowe akasema imeisha, ila Chepngeno ameanza kuwaambia wenzake ana bunduki, na hiyo mimi ndiye nitakayekwenda kumweleza mwalimu wake. Nitakwenda.

Wabwile amerudi chumbani. Suti ameitundika msumarini, mahali ninapoiona.

Jumamosi, 14 Juni

Uchaguzi. Cherop ameshinda. Mimi nilipata kura moja. Kwa kuwa nilijipigia mwenyewe, nimemuuliza Wabwile yake ilikwenda wapi. Anasema filimbi zilimshawishi.

Cherop aliwaambia watu kwamba silaha iliokotwa nyasini na imesalimishwa. Jina hakutaja. Kisha akapendekeza mimi niwe msimamizi wa filimbi, na watu wakapiga makofi. Nimekaa nikipima kama ule ulikuwa wema au siasa. Ushahidi wote unaelekea kwenye wema. Nitasubiri ushahidi zaidi.

Filimbi moja nimeijaribu. Lazima nikiri kwamba majirani walitoka.

Jumapili, 15 Juni

Ibada nzima nimeitumia kutafakari. Nimefikia hitimisho, na safari hii silioni shimo lake: mtu huwajibika kwa kilicho mkononi mwake tangu dakika kinapomfikia, si tangu dakika anapopata mpango. Nimeinong'ona sentensi hiyo mara kadhaa wakati wa sadaka. Wabwile alidhani ninasali.

Mchana Mukhwana amenipigia simu kutoka Chwele. Walikuwa wakitengeneza dari ya nyumba ya marehemu, wakaangukiwa na boksi. Ndani yake mna risasi za ile bunduki. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu azipeleke kituoni, ambako ni kuvuka tu soko. Ilikuwa ni kunijulisha, alisema, kwa heshima.

Nimemwambia avue viatu. Boksi alirudishe darini, asimguse mtu bega kumwambia, mimi nitashuka mwenyewe na gari nilichukue. Akauliza si ni rahisi tu yeye avuke soko. Nimemweleza, kwa upole, kwamba wepesi wa jambo usimdanganye. Mambo ya silaha yana sheria zake, na yanataka mtu mwenye uzoefu.