Intaneti Isiyochafua Hewa ya Oruba

Redio ya kibanda cha chai cha Dolphine ilikuwa haijamaliza taarifa ya saa tano, na tayari benchi limeshachemka. Mtangazaji, kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia, alikuwa amesema kwamba hata intaneti inachafua hewa: mitambo yake inakula umeme, minara yake inakunywa dizeli.

"Kwani hiyo moshi inatokea wapi?" akauliza Ryoba. "Simu nimekaa nayo mfukoni tangu shule, sijawahi kohoa."

Ryoba ni mtu wa bodaboda. Pale benchini wanamwita Sanifu, kwa kuwa alikaa Tarime, ng'ambo ya mpaka, miezi minne akarudi Migori akisema "naomba chai" badala ya "leta chai".

Mwalimu Elkana hakucheka. Juzi binti yake Joyline alimpigia simu kutoka Nairobi. Angekuja kukaa Oruba miezi mitatu, yeye na mtoto, mradi nyumbani kuwe na intaneti ya kufanyia kazi. Na kwa vile kazi yenyewe ni kuhesabu moshi wa viwanda, hakutaka kampuni inayoharibu mazingira. Baba achague, jibu litoke leo kabla ya saa sita. Mtoto ana miezi saba, amepewa jina la Milka, marehemu mke wa Elkana, na babu mtu hajambeba hata mara moja. Alitamani kumbeba mpaka akajionea aibu.

Sasa alikuwa na karatasi tatu za kampuni tatu, na kila karatasi ina picha ya jani.

"Japuonj, soma ya kwanza tusikie," akasema Dolphine, akigeuza mandazi; mwalimu humwita hivyo kwa Kijaluo.

"Hii ni ya waya. Inapita kwa nguzo."

"Nguzo ni mkaratusi," akadakia Ryoba. "Na mkaratusi inakunywa maji kuliko ng'ombe wa Ogwedhi siku ya soko. Chukua hiyo, kesho mto Migori tunauvuka na soksi."

"Ya pili ni ya mnara. Wanasema wanatumia sola."

Upande wa pili wa benchi mtu alikohoa kikohozi cha makusudi. Huyo ni Omwenga, muuza wimbi, na jina lake la benchini ni Wimbi. Yeye na Elkana wamepakana kwa ua mmoja, na hawajasemezana miaka minne kwa sababu ya wilbaro, toroli la gurudumu moja, ambayo Elkana anadai ameshaisahau, na Omwenga anaapa hataisahau. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake chai ya Dolphine. Kwa hiyo kila neno kati yao lilipitia kwa Dolphine, ndiyo maana akaitwa Spika.

"Mama Spika," akasema Omwenga, "hebu muulize huyo wa kushoto kwako, mwezi wa nne mvua ikikaa wiki mbili, hiyo mnara itakula nini?"

"Mwambie aliyeuliza kuna betri."

"Muulize betri ikikufa inazikwa kwa shamba ya nani."

Dolphine hakugeuza hata shingo. Wote walikuwa wamesikia.

"Ya tatu inatoka juu," Elkana akaendelea, jasho likimtoka. "Setilaiti. Hakuna nguzo, hakuna mnara."

"Muulize hiyo setilaiti ilipanda huko juu na baiskeli."

"Mwambie roketi inapanda mara moja tu."

"Mwambie hata nyumba inaungua mara moja tu."

Ryoba alipiga goti. "Hiyo imeingia. Mwalimu, sisi wa kisanifu tunasema heri nusu shari."

"Na sisi wa Rusinga tunasema mchagua jembe si mkulima," akasema Dolphine. "Omera, ndugu yangu, saa sita iko karibu. Pigia binti."

Elkana akapiga. Hajui kutumia simu bila kuweka spika, kwa hiyo benchi zima likainama.

"Baba, umechagua?"

"Nyathina, mtoto wangu, zote zinachafua. Hapa tumechunguza."

Joyline akacheka. "Basi usiweke yoyote. Ile safi zaidi ni ile iko tayari. Mkitumia moja watu wawili, hakuna nguzo mpya, hakuna mashine mpya. Si Mzee Omwenga ako na waifai? Kabla ya mtoto, kila nikikuja simu yangu ilikuwa inaionanga hapo dirisha ya jikoni, imeshika kabisa."

Ryoba alibanwa na kicheko, akajifanya anakohoa.

"Ona, sasa simu imemkohosha," akasema Dolphine.

Elkana aliitazama chai yake mpaka ikaota utando. Miaka minne si mchezo. Lakini mtoto naye ana miezi saba, na haitarudi.

"Mama Spika," akasema kwa sauti ya chini, "muulize wa kulia kwako kama anaweza kusaidia mtoto."

"Mtoto yupi?" akauliza Omwenga.

"Mjukuu. Milka mdogo."

Omwenga akaweka kikombe chini. Alipovunjika mguu, Milka mkubwa ndiye aliyempelekea uji mwezi mzima, akipitia kwenye tundu la ua.

"Mwambie achukue. Intaneti si yangu, ni ya hewani."

"Anauliza paswadi," akasema Dolphine.

Hapo Omwenga akajikuna shingo. Akatazama barabara. "Hiyo tutaongea baadaye."

"Toa neno la siri, mzee," akasema Ryoba.

Omwenga akamnong'oneza Dolphine sikioni. Dolphine akafumba macho kama anayeombea chakula.

"Spika habadilishi kile kimesemwa bungeni. Andika, Japuonj. Herufi ndogo, hakuna nafasi. E, L, K, A, N, A."

Uso wa Elkana ukakunjuka. "Ametumia jina langu?"

"Andika. R, U, D, I, S, H, A."

Kalamu ikasimama.

"W, I, L..."

"Najua inavyoandikwa," akasema Elkana.

"Baba," simu ikasema, kwa maana hakuna aliyeikata, "hiyo wilbaro bado iko nyuma ya jikoni? Mimi siwezi kuingia kazini kila asubuhi nikiandika hiyo kitu."

"Ningerudisha hata leo. Lakini kuku ameatamia ndani."

Wote wakaguna. Kuku aliyeatamia hahamishwi, hilo halina mjadala Migori nzima.

"Elkana," akasema Omwenga. Hakusema Mama Spika. Dolphine mwenyewe aliacha mandazi yaungue. "Imebaki siku ngapi?"

"Tisa."

"Lete na kuku. Sukuma polepole."

Alasiri hiyo watu wa Oruba walimwona mwalimu mstaafu akisukuma wilbaro kama amebeba mgonjwa, kuku ndani amekunja uso, na Omwenga mbele akiondoa mawe njiani. Jioni Omwenga akabadilisha paswadi, kama muungwana.

Jumapili Joyline alifika. Akafungua kompyuta, akauliza neno jipya. Elkana, Milka mdogo mkononi, akaita juu ya ua bila kupitia kwa mtu: "Jirani, paswadi ni gani?"

Omwenga akatokeza, kidole kimefungwa bandeji.

"Elkana chukua kuku," akasema. "Herufi ndogo, hakuna nafasi."