Nipigwe Risasi, Lakini Niamkiwe Kwanza

Jumatatu, 14 Desemba

Leo nimejiona nikiuawa. Sebuleni kwangu, kwenye kiti changu, chai mkononi!

Mjukuu wangu anatengeneza gemu. Anasema ni kazi. Mimi naona binti mzima anashinda na kompyuta kwenye meza ya kulia, na nguo ziko nje kwenye kamba hazijaanuliwa. Mwezi uliopita aliniomba sauti. Bibi, gomba kidogo hapa kwenye kipaza sauti. Nikagomba. Sikuhitaji kujiandaa. Akanipiga na picha, mbele na ubavuni. Nikajua tayari, nimekuwa nyota.

Leo kanionyesha. Gemu ya Krismasi, tena ya risasi. Kuna mtoto ameletewa soksi miaka mitatu mfululizo, uvumilivu umemwisha, kachukua bunduki. Akina Baba Krismasi wanashuka kwenye paa kundi zima, nao wana bunduki. Wale kulungu wao wana meno ya mbwa. Zawadi zinalipuka. Damu juu ya theluji kama mtu kamwaga sharubati kwenye shuka nyeupe, na hakuna hata mmoja anayefuta! Wakishakufa wote, mlango wa jikoni unafunguka, anatoka mama yao. Ana mwiko mkubwa kama kasia. Ana uso wangu. Anagomba kwa sauti yangu: nani kaingia na viatu?

Nilifurahi. Simwambii mtu, lakini nilifurahi. Kisha yule mtoto wa soksi akanimiminia risasi nikaanguka chali, sketi juu!

Nimemwamuru mjukuu anifufue. Kasema haiwezekani, mimi ndiye adui wa mwisho, nisipokufa gemu haiishi. Nimekataa kikombe cha pili cha chai. Ajue nimekasirika.

Jumanne, 15 Desemba

Mambo makubwa. Mnunuzi wa gemu anakuja Jumatatu ijayo. Mtu wa kampuni, mwenye tai. Sharti lake ni moja: aone kwa macho yake mtu asiyejua kompyuta, mzee ikiwezekana, akiicheza mpaka mwisho. Akiridhika anaichukua, na mjukuu anaendelea na kazi hapa hapa. Asiporidhika, mjukuu anakwenda mji wa mjomba wake kuuza misumari dukani. Mama yake keshaamua. Na mimi nibaki na nani? Nani atanipaka dawa mgongoni, ukuta?

Nilijua nitaombwa mimi nicheze. Nilishapanga kukataa kwanza, nibembelezwe. Sikuombwa! Eti mimi nimo ndani ya gemu, haihesabiki. Kamwomba Cherehani.

Cherehani! Fundi wa nguo wa nyumba ya pili, tunagawana ukuta. Mwanamke huyu hajawahi kuniamkia. Mimi ni mkubwa kwake, kila mwenye macho anaona. Yeye anadai ndiye mkubwa kwangu. Vitambulisho havisaidii. Vyote viwili vimeandikwa tarehe mosi Januari, mwaka ule ule, kwa sababu karani alichoka kutusikiliza. Basi kila asubuhi tunaambiana "habari", kama watu wa foleni.

Kaja na miwani yake ya kamba na pini zimemjaa kifuani. Kakishika kile kidude chenye vitufe kama kazaliwa nacho. Akafa, akafa, akafa tena, halafu akanifikia. Akaniua. Akauliza kama anaweza kurudia hapo tu.

Alhamisi, 17 Desemba

Nimepata dawa.

Sura za gemu zinachorwa na Mchoraji, mwenzake mjukuu. Mwanamume mwenye ndevu na watoto pacha, lakini nikikohoa anasimama. Nilimvizia mjukuu alipotoka kununua sabuni. Nikamkalisha Mchoraji. Nikamuuliza kwao walimlea wapi, mtu kuingia jikoni kwa mwanamke mtu mzima na kuanza na risasi? Bila hata hodi! Akasema samahani Bibi. Nikamwambia samahani hailindi mtu. Nataka risasi zinidunde tu, zisiniingie. Zinidunde zote, mpaka huyo mwenye bunduki aniamkie. Kwa mdomo wake, kwenye kipaza sauti, nisikie: shikamoo.

Akajikuna ndevu. Akauliza, na wakishaamkia, Bibi, je? Nikasema wakishaamkia basi, wafanye wanalotaka, mimi si mkorofi.

Akacheka peke yake kama kichaa. Akaanza kuchapa kwenye kompyuta.

Ijumaa, 18 Desemba

Raha! Raha tupu!

Cherehani kanifikia, kanilenga, kafyatua. Risasi zikanidunda kama mvua juu ya bati! Nikamchapa mwiko. Akarudia. Nikamchapa. Mjukuu akamweleza kuna kitu kipya, Bibi lazima aamkiwe kwanza, na kasema ni ubunifu mzuri kuliko vyote vilivyomo, hautoki. Akamsogezea kipaza sauti.

Cherehani akakitazama kama kijiko kilichoanguka sakafuni. Akajaribu "habari". Mwiko. Akajaribu "habari za hapa". Mwiko! Kisha huyu mwanamke, bila aibu, akaniambia "hujambo". Mimi! Hujambo, kama mtoto wa shule! Yule mimi wa kwenye kioo cha kompyuta akamkimbiza mpaka nje kwenye theluji.

Nimekula vizuri.

Jumapili, 20 Desemba

Raha imeingia doa. Cherehani amejaribu jana, amejaribu leo baada ya chakula, hafiki mwisho. Mjukuu haelewi. Anasema ni neno moja tu, si ataligundua. Mtoto ana elimu lakini hajui watu. Nimemkuta chumbani anatoa nguo kabatini anaziweka kitandani. Nikamuuliza anafua? Kasema hapana Bibi, naangalia tu zipi zitaingia kwenye begi.

Nikaenda kwa Cherehani mwenyewe. Nilipanga maneno njiani, njia yenyewe fupi. Nikamwambia mjukuu wangu ni mjukuu wake, amemshonea sare tangu chekechea. Asiniamkie mimi. Aamkie kompyuta. Kompyuta ni chuma, mimi niko nyumbani kwangu.

Akapunguza kukanyaga cherehani. Akasema hicho chuma kina pua yangu. Akasema binti anampenda, na kwa binti atafanya lolote, isipokuwa kumwamkia mtoto mdogo. Mtoto mdogo ni mimi!

Akanipa masharti: nianze mimi kumwamkia yeye, hapo mlangoni, na Jumatatu neno litamtoka. Nikamwambia nitalisema siku nikifa. Akasema kwa risasi zile, si siku nyingi.

Nikampigia simu Mchoraji afute kila kitu. Kasafiri na watoto wake pacha. Simu imezimwa. Wanaume wa siku hizi!

Jumatatu, 21 Desemba

Chai inapoa. Naandika hivyo hivyo.

Mnunuzi kaja saa nne, tai kweli, viatu kavulia mlangoni bila kuambiwa. Kaniamkia vizuri. Nikampa kiti kisicho na mguu mbovu. Cherehani kavaa gauni lake la harusi za watu. Akaanza.

Niseme ukweli, yule mwanamke anajua kuua. Akina Baba Krismasi walidondoka kama maembe. Kulungu mmoja alimkata kwa msumeno huku anauliza kama chai ina sukari. Mnunuzi alikuwa anacheka, anaandika, anacheka. Nikafika mimi na mwiko wangu. Risasi zikanidunda. Kipaza sauti pale mezani.



Cherehani akabana midomo kama kashika pini kwa meno. Nikamchapa mwiko. Akarudi. Nikamchapa. Akarudi. Mnunuzi akaacha kucheka. Akatazama saa yake. Akauliza kwa upole kama ndiyo inaishia hapo. Nikamtazama mjukuu. Alikuwa anakunja ncha ya kitambaa cha meza, anakunja, anakunjua, vile alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na mama yake anaaga.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Nilisimama nyuma ya Cherehani, nikainama juu ya bega lake, nikapiga kelele kwenye kipaza sauti:

"Shikamoo!"

Na Cherehani, kabla hata kompyuta haijafungua mdomo, akajibu kwa sauti ya kanisani: "Marahaba, mdogo wangu!"

Mbele ya mgeni! Mbele ya mjukuu!

Kwenye kioo yule mimi akashusha mwiko, uso ukalainika, akasema marahaba mwanangu, wazima huko? Kumbe hapo ndipo Mchoraji alipopanga risasi zianze kuniingia, mwenye ndevu yule! Cherehani hakupoteza hata nukta. Alinipiga mpaka bunduki ikabaki inalia kavu. Nikaanguka chali. Theluji yote nyekundu. Nyimbo za Krismasi zikaanza.

Mnunuzi alicheka mpaka akalegeza tai. Anaichukua. Itatoka siku ya mkesha. Mjukuu kanikumbatia akalia kwenye shingo yangu, nikamwambia ananilowesha.

Nguo zimerudi kabatini. Nimezihakikisha mwenyewe.

Jumapili, 27 Desemba

Wiki nzima Cherehani ananiita mdogo wangu. Kwenye bomba la maji, mdogo wangu. Kwa muuza mkaa, mpishe mdogo wangu. Namnyamazia. Mtu mkubwa hubishana na watoto?

Mjukuu, kwa shukrani, kamwekea gemu kwenye kompyuta ya zamani, zawadi. Basi tangu siku ya mkesha nasikia ukutani: bunduki, bunduki, halafu mwiko. Bunduki, bunduki, mwiko. Hapiti. Nimehamishia kiti changu ukutani. Mjukuu anauliza kwa nini, nasema upepo.

Leo mchana, baada ya mwiko, bunduki haikurudi. Nikaweka sikio. Nikasikia mlango wake unafungwa. Dirisha linafungwa. Kisha, chini chini, kama mtu anayetapika:

"Shikamoo."

Nikapiga ukuta kwa viganja viwili: "MARAHABAAA! Sema kwa nguvu, mwanangu, masikio ya utu uzima haya!"

Kitu kikaanguka kule. Halafu bunduki ikalia, ikalia, sijawahi kusikia risasi nyingi hivyo. Kanipiga mpaka picha ukutani kwangu imeenda upande. Apige! Mimi nilikuwa nakunywa chai. Keshaniamkia, na mjukuu ni shahidi, alikuwa anaanua nguo kakimbilia ndani kuuliza nani kaumia.

Kesho Mchoraji anarudi. Shikamoo moja haitoshi, nimeona inasemwa haraka mno. Iwe tatu, na yule mtoto wa soksi apige goti. Kiti kizuri nishamwandalia. Kikohozi nacho kipo.